Kabla hujalikunja goti, linyooshe

Mtu akitoka kufanyiwa upasuaji wa goti, swali la kwanza analoulizwa ni, "Umeshaanza kulikunja?" Niliulizwa na majirani, na walimu wenzangu kwa simu, na hata kondakta wa daladala aliyenisaidia kupandisha magongo. Hakuna aliyeniuliza kama goti linanyooka. Naandika haya kwa ajili ya swali hilo ambalo haliulizwi. Kwa aliyepandikizwa ligamenti ya mbele ya goti, kamba inayofunga mfupa wa paja na wa muundi, ile ambayo wachezaji wote wanaijua kwa jina la ACL, kunyooka kwa goti kunaamua mambo mengi ya baadaye. Na kunaamuliwa nyumbani, wiki chache za mwanzo, mbele ya ndugu wanaokupenda sana ambao hakuna aliyewaelekeza wafanye nini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, na netiboli nimeicheza tangu shule ya msingi. Niliumia mazoezini tukijiandaa na mashindano ya watumishi wa serikali za mitaa, SHIMISEMITA. Hakuna aliyenigusa. Niliruka kudaka pasi, nikatua kwa mguu wa kulia huku kiwiliwili kimeshageuka kumtafuta mfungaji, na ndani ya goti kitu kikalia "ko!" Aliyekuwa ananikaba alikisikia. Netiboli hapo ni kali kuliko michezo mingi: ukishadaka mpira, mguu uliotangulia kutua ukiuinua huruhusiwi kuukanyagisha tena kabla mpira haujatoka mkononi. Mwili uliokuwa kwenye mbio unasimamishwa ghafla, na mzigo wote unabebwa na goti moja.

Ligamenti hiyo iko katikati kabisa ya goti. Inauzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na inalizuia goti lisijizungushe kupita kiasi. Ikikatika goti linajaa ndani ya saa chache, kwa sababu kinachojaa ni damu. Goti lililoteguka kidogo tu mara nyingi huvimba taratibu, labda kesho yake asubuhi. Langu lilijaa kabla ya magharibi.

Mama aliagiza aitwe mkandaji wa mtaani kwetu, bibi mmoja anayeheshimika kwa kuchua viungo. Alikuja na mafuta yake, akakaa, akaweka viganja viwili juu ya goti, akakaa kimya. Kisha akafunga chupa. "Hili lina damu ndani, na ni la moto. Mimi siligusi. Mpelekeni hospitali, na msilikande kwa maji ya moto." Namshukuru bibi yule mpaka leo. Kuchua goti lililojaa damu kunaongeza uvimbe, na nimekutana na watu waliochuliwa kwa wiki nzima wakafika kliniki goti limekuwa gumu kama jiwe.

Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, maana ligamenti haionekani humo. Daktari alinilaza, akalikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na kwa mwingine akauvuta mfupa wa muundi kuja mbele. Mguu wa kushoto ulivutika kidogo ukasimama kwa mkato. Wa kulia uliendelea kuja. Kipimo cha MRI nilichofanyiwa baadaye Dar es Salaam kilithibitisha tu kile ambacho mikono yake ilishajua. Meniska, zile gegedu mbili zinazokaa katikati ya mifupa, zilikuwa salama. Hilo lina maana kubwa: ambaye meniska yake imeshonwa hupewa masharti mengine kabisa ya kukanyaga na kukunja, kwa hiyo asiige ratiba yangu wala ya mtu yeyote.

Si kila aliyekatika lazima apasuliwe. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha utafiti wa vijana 121 wenye jeraha hili. Baadhi walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi na kuachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye wakihitaji. Baada ya miaka miwili makundi hayo mawili hayakutofautiana katika namna wagonjwa wenyewe walivyoyaeleza magoti yao, na katika kundi la mazoezi 36 kati ya 59 walikuwa bado hawajapasuliwa. Kufikia mwaka wa tano karibu nusu ya kundi hilo walikuwa wamepasuliwa. Nilianza na mazoezi mimi pia. Kutembea kulirudi, ngazi zilirudi. Lakini kila nilipogeuka ghafla, hata darasani nikiacha ubao kumtazama mwanafunzi, goti lilikuwa linaponyoka. Goti linaloponyoka mara kwa mara hula meniska. Hapo nikakubali upasuaji.

Wiki zile za mazoezi hazikupotea. Fizio wangu wa Tanga, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, aliniambia wazi kwamba hatanipeleka kwenye kisu na goti lililovimba na lisilonyooka, kwa kuwa anayeingia na goti gumu hutoka na goti gumu zaidi. Nilingojea mpaka likatulia, likanyooka sawa na la kushoto, na paja likawa na nguvu. Wanaolazimisha wapasuliwe wiki ileile waliyoumia, nawaomba waulize kwanza kuhusu hili.

Jambo jingine ninalopenda wagonjwa waulize ni kano itatoka wapi. Ligamenti iliyokatika kwa kawaida haishonwi. Hutengenezwa mpya kutokana na kano ya mgonjwa mwenyewe: ama ya mbele, inayotoka kwenye pia ya goti kushuka kwenye muundi, ikichukuliwa na vipande vya mfupa kila upande, ama kano za nyuma ya paja, ama ile ya juu ya pia ya goti. Daktari alinieleza faida na hasara za kila moja, nami nikamweleza maisha yangu. Nikamwambia, "Daktari, mimi naswali, na kwetu tunakaa mkekani. Magoti yangu yanagusa chini kila siku." Akatikisa kichwa, akasema ile ya mbele huacha maumivu ya kupiga magoti kwa wengi wanaoichukua, kwa hiyo kwangu atatumia za nyuma ya paja. Akaongeza kwamba nazo zina gharama yake: nguvu ya kukunja goti hupungua kwa muda. Mazungumzo hayo yalichukua dakika chache, na yamenisaidia kila siku tangu hapo. Daktari hawezi kujua unaswali vipi na unakaa wapi usipomwambia.

Upasuaji wenyewe nitaupita haraka. Ganzi ya mgongoni, matundu madogo ya kamera, mkato mmoja chini ya goti walikotolea kano, matundu yaliyotobolewa kwenye mifupa miwili, ligamenti mpya ikapitishwa na kukazwa. Kilichonishtua kilikuja ganzi ilipoisha. Niliambiwa nikaze paja, nikakaza, na paja halikukaza. Nilikuwa nalitazama nalo limelala tu. Fizio wa wodini alinipoza: goti likijaa maji na maumivu, mwili wenyewe huzima msuli wa mbele ya paja, hata kama msuli haujaguswa na kisu. Kuuamsha ndiyo kazi ya kwanza.

Nilipotoka hospitali nilipewa dawa, tarehe ya kutoa nyuzi na karatasi iliyoandikwa "mazoezi" bila kusema mazoezi gani. Basi la kurudi Tanga lilikuwa safari ndefu mno kwa mguu ule, nikafikia kwa shangazi yangu Tandika, Dar es Salaam. Alinipokea kama anavyojua yeye. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, uji uko tayari, na chini ya goti langu aliweka mto mnene uliofunikwa kanga mpya. Raha niliyoipata! Maumivu yalishuka hapohapo.

Kesho yake alikuja fizio, dada mmoja tuliyeelekezwa na jirani. Kabla hajasalimia vizuri akauona mto.

"Shangazi, shikamoo. Huu mto nani kauweka?"

"Marahaba mwanangu. Mimi. Kalala vizuri, hajalia usiku."

"Najua, shangazi. Ndiyo shida yake hiyo. Goti lenye maji linapata nafasi kubwa zaidi likiwa limekunjika kidogo, kwa hiyo litapenda kukaa hivyo daima. Likizoea, Mwalimu atachechemea."

Akautoa. Akaizungusha kanga ikawa kama gogo dogo, akaiweka chini ya kisigino badala ya goti, ili goti libaki hewani na uzito wake wenyewe ulishushe. Dakika za kwanza nilidhani litachanika. Shangazi alitoka nje, hakutaka kunitazama. Fizio alimfuata uani, akakaa naye kwenye kibaraza, akamweleza taratibu kile ambacho karatasi ya hospitali haikusema: kwamba goti lisiponyooka kabisa mapema, kovu linaweza kuota mbele ya ligamenti mpya likawa kama kizuizi cha mlango, na pengine ikabidi mtu arudi chumba cha upasuaji likaondolewe, kwamba asiyenyoosha goti hawezi kukaza paja lote, na asiyekaza paja huumwa mbele ya goti akitembea. Kukunja hakumtii mtu hofu, alisema, kwa sababu kukunja huja. Anayekosa digrii tano za kunyoosha ndiye wa kumwonea wasiwasi.

Shangazi aliporudi ndani alikuwa mtu mwingine. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa mkali. Akipita mlangoni, "Kisigino kiko wapi?" Wageni walioleta machungwa na kutaka kunipandishia mguu kwenye mto aliwazuia kabla hawajakaa. Naamini goti langu lilinyooka kwa sababu yake, na ndiyo maana nasema elimu ya upasuaji huu isiishie kwa mgonjwa. Anayetandika kitanda ndiye anayehitaji kuelezwa.

Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo, kiasi kwamba mtu anaweza kuyadharau. Kukaza paja nikikandamiza goti kwenye mkeka, kushikilia, kuachia. Kuisukuma pia ya goti kwa vidole, juu na chini, kushoto na kulia, isigande. Kuuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, ambako mwanzoni kisigino kilibaki nyuma na goti likalegea; mpaka likome kulegea, magongo hayaachwi. Kwa kukunja, nilivaa soksi nikakaa sakafuni, kanga nimeizungusha kwenye unyayo, nikawa nakivuta kisigino taratibu kuja kwangu juu ya saruji. Barafu tulinunua kwa jirani mwenye friji, zile za kwenye mifuko midogo, tukazifunga ndani ya kitambaa. Siku niliyotembea sana goti lilivimba jioni, na uvimbe ule ndio uliokuwa kipimo changu: ukipanda, kazi ya kesho inapunguzwa.

Miongozo niliyoisoma imeandikwa kwa nyumba zenye viti na vyoo vya kukaa. Ya shangazi ina choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa wiki za mwanzo hakuwezekani wala hakufai, na mgonjwa akikosa njia atapunguza kula na kunywa ili asiende chooni, jambo ambalo ni baya zaidi. Mume wa shangazi alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, akakiweka juu ya choo, akapigilia ubao ukutani wa kushikilia. Swala niliswali nikiwa nimekaa kitini, mguu nimeunyoosha mbele, na mwalimu wa madrasa wa mtaa alinihakikishia kwamba mgonjwa ana ruhusa hiyo. Ngazi za zahanati nilifundishwa hivi: kupanda, utangulie mguu mzima, kushuka, utangulie mgonjwa pamoja na magongo.

Kuna mambo yaliyonitisha ambayo baadaye nilijua ni ya kawaida, na kama ningeambiwa mapema ningelala. Damu iliyovilia ilishuka kutoka nyuma ya paja mpaka kifundo cha mguu, ngozi ikawa zambarau kisha njano. Pembeni ya kovu, upande wa nje, ngozi imekufa ganzi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hupita pale wanapochana. Sehemu ya ganzi imepungua lakini haijaisha. Na siku moja nilipoinama kuokota kijiko nilisikia kitu kikivutika ghafla nyuma ya paja kule kano zilikotolewa, nikapiga kelele. Kilikuwa ni kovu la kano likijiachia, sio ligamenti mpya. Yale yasiyo ya kawaida ni haya, na kwa haya usisubiri siku ya kliniki: shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, maana damu inaweza kuganda mguuni na kwenda mapafuni; homa, goti kuwa la moto na jekundu, kidonda kutoa usaha.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote kwa wengine inakuja pale mgonjwa anapojisikia mzima. Mwezi wa tatu nilikuwa natembea bila kuchechemea, nafundisha vipindi vyote, napanda bodaboda. Maumivu hakuna. Nikajaribu kumshawishi fizio wangu wa Tanga aniruhusu kurudi uwanjani japo kurusha mpira na wenzangu. Alichukua chaki, akanichorea ubaoni. Kano iliyopandikizwa huingia goti ikiwa haina damu yake. Mwili huanza kwa kuilegeza, unaotesha mishipa ya damu ndani yake, kisha unaijenga upya polepole iwe ligamenti. Katika wiki kama ya sita mpaka ya kumi na mbili iko katika udhaifu wake mkubwa, wakati uleule mgonjwa anapoanza kujisikia vizuri. Kukomaa kwake kunapita mwaka. "Goti halitakuonya, Mwalimu," aliniambia. "Lazima kalenda ikuonye."

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambao nusu yao ni Liverpool, walikuwa na swali lao: mbona Van Dijk alirudi? Nikawaambia wahesabu. Beki huyo aliumia ligamenti hiihii Oktoba 2020 kwenye mechi na Everton, na mechi yake ya ligi iliyofuata ilikuwa Agosti 2021. Ana madaktari na mafizio wa klabu kila asubuhi, na bado ilimchukua karibu miezi kumi. Mwaka 2016 utafiti wa Norway na Marekani uliofuatilia watu 106 ulionyesha kwamba kwa kila mwezi mtu alioahirisha kurudi kwenye michezo ya kugeuka-geuka, mpaka kufika mwezi wa tisa, hatari ya kuumia goti tena ilipungua kwa asilimia 51. Sijui takwimu nyingine yoyote ya michezo inayolipa uvumilivu namna hiyo, na haihitaji pesa.

Lakini miezi peke yake haitoshi. Siku ya kupimwa nilirukishwa kwa mguu mmoja, ruka moja, ruka tatu mfululizo, na umbali wa mguu wa kulia ukalinganishwa na wa kushoto. Sharti lilikuwa kufikisha angalau asilimia 90. Sikufikisha, na nilirudi gym kwa miezi mingine. Sikuumia moyo kama nilivyotarajia, kwa sababu namba zilinionyesha mahali penyewe penye upungufu: paja la mbele. Katika kundi letu la WhatsApp la waliopasuliwa, wengi hawajawahi kupimwa hivi. Wameulizwa tu, "Unaumwa?" wakajibu hapana, wakaruhusiwa.

Matokeo, basi. Goti haliponyoki tena, hata nikiteleza kwenye matope ya masika. Linanyooka sawasawa na la kushoto. Nasujudu na nakaa tahiyatu, ingawa asubuhi na mapema hubana kidogo mpaka lipate joto. Nachuchumaa. Msuli wa nyuma ya paja hukaza nikikimbia umbali mrefu. Kuhusu michezo, ukusanyaji mkubwa wa tafiti 69 uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba asilimia 81 ya waliopandikizwa walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, asilimia 65 wakarudi kiwango chao cha zamani, na asilimia 55 wakarudi kwenye mashindano. Niko katika ile 81. Nacheza na walimu wenzangu Jumamosi, mashindano nimewaachia wadogo. Niliyaacha kwa uamuzi wangu, nikiwa nimeshapita kipimo cha kuruka, baada ya kugundua kwamba kila nikiruka kudaka bado nalitazama goti kabla ya mpira. Hofu ni sehemu ya matokeo, na daktari anayepima goti bila kuuliza kuhusu hofu amepima nusu.

Sasa nafundisha timu ya shule. Wasichana huumia ligamenti hii zaidi ya wavulana katika michezo inayofanana, na mazoezi maalumu ya kutua, kusimama na kujenga misuli ya paja na nyonga yameonyesha kupunguza majeraha haya kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, kabla mpira haujatolewa stoo, wanaruka na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjika, yameelekea vidole vya miguu. Anayetua magoti yakitaka kugusana anarudia. Wananilalamikia kwamba dakika za kucheza zinapungua, na kocha wa wavulana naye ameanza kuwaleta wa kwake.